Usiku wa Twist



Ukimwuliza mzee yeyote wa kambi hii habari za mwaka 1974, atakuambia habari za Muhammad Ali. Atakueleza jinsi Ali alivyomwangusha George Foreman mjini Kinshasa alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, na kama una nafasi atasimama akuonyeshe ngumi yenyewe. Wachache watakumbuka kwamba kabla ya ngumi kulikuwa na muziki. Pambano lilikuwa lifanyike mwezi wa Septemba, lakini Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini, likasogezwa mbele. Wanamuziki walikuwa wamekwisha kualikwa, basi tamasha likafanyika bila ngumi, siku tatu, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika uwanja uliokuwa ukiitwa Stade du 20 Mai na ambao leo ni Stade Tata Raphaël. Franco na T.P.O.K. Jazz walipiga. Tabu Ley Rochereau alipiga. Walikuwapo Miriam Makeba, James Brown na Celia Cruz. Na katika kundi hilo alikuwapo mtu mnene wa makamo mwenye gitaa, jina lake B.B. King, mpigaji wa ule muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa bluzi.

Kamati ilipotupa sisi walimu ukurasa wa historia katika toleo hili la ukumbusho, tuliona tuandike habari za mtu huyo. Uwanja wa Kinshasa tutauacha, kwa maana uwanja mkubwa una wasimulizi wengi. Tutasimulia usiku mmoja wa mwaka 1949, katika kijiji kidogo kiitwacho Twist, jimbo la Arkansas, ng'ambo ya mto Mississippi, kaskazini-magharibi mwa mji wa Memphis.

Twist haikuwa mji. Ilikuwa ni shamba la pamba, na nyumba za watu wa kulima pamba. Hapo palikuwa na nyumba moja ya mbao ambako watu walikusanyika Jumamosi usiku kucheza, kunywa na kula samaki wa kukaanga. Nyumba za namna hiyo zilienea kusini kote mwa Marekani, na watu weusi walizipenda kwa sababu nyingine zilikuwa zimefungwa kwao. Hoteli, mikahawa, majumba ya sinema, yote yalikuwa ya weupe, au yalikuwa na mlango wa nyuma. Mwenye nyumba alitoza kiingilio kidogo, na mara nyingi fedha hasa ilitoka chumba cha nyuma ambako watu walicheza kamari. Mpiga gitaa alikuwa chambo cha kuwavuta wachezaji waingie.

Ulikuwa wakati wa baridi. Ili nyumba ipate joto, waliweka katikati ya uwanja wa dansi pipa lenye mafuta ya taa (yale ambayo sisi watu wa Kivu tunayaita petroli), wakayawasha. Watu walicheza kulizunguka pipa lile. Mtu atauliza, je, hawakuona hatari? Waliiona. Lakini nyumba isiyo na jiko na watu wasio na fedha ya jiko hufanya hivyohivyo, na sisi tunaopika chini ya shitingi tusiwacheke.

B.B. King wakati ule alikuwa kijana wa miaka 24, hajulikani zaidi ya sauti yake redioni. Alikuwa anapiga, watu wanacheza, mara wanaume wawili wakaanza kugombana. Wakashikana, wakaligonga pipa, likapinduka. Mafuta yalikuwa yanawaka tayari, basi moto ukatiririka sakafuni kama maji ya mto. Watu wote wakakimbilia mlangoni, na yeye pamoja nao. Alipofika nje akakumbuka kwamba gitaa lake limebaki ndani. Lilikuwa gitaa la dola 30 hivi. Akarudi ndani ya moto kulichukua. Alisimulia mwenyewe kwamba nyumba ilianza kuporomoka naye yumo, akatoka kwa bahati tu. Watu wawili waliungua wakafa.

Kesho yake aliambiwa kwamba wale wanaume walikuwa wanagombea mwanamke mfanyakazi wa mle ndani, jina lake Lucille. Akalipa gitaa lake jina la Lucille, ili, alivyoeleza kwa miaka yote iliyofuata, limkumbushe asirudie tena ujinga kama ule. Magitaa yake yote baada ya hapo yaliitwa Lucille, moja baada ya jingine, na mwaka 1968 alitoa sahani yenye jina hilo. Sisi tuliposoma habari hii mara ya kwanza tulisikitika kidogo. Jina la gitaa linajulikana dunia nzima. Majina ya wale wawili waliokufa hayaimbwi na mtu.

Sasa mmekwisha fahamu kwa nini tumechagua habari hii. Mwaka jana, katika ngoma ya Jumamosi, vijana wawili wa hapa waligombana, taa ya mafuta ikaanguka, shitingi ikashika moto, na nyumba tatu zikateketea kabla ya ndoo za maji kufika. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Tangu siku ile ngoma za usiku zimefungwa, magitaa ya vijana yamelala stoo, na kikao cha kamati kimeahirisha shauri hili mara tatu. Kuna wazazi wasemao ngoma zisirudi kabisa. Kuna mtu wa ofisi fulani aliyesema mbele ya watu kwamba wenye njaa hawahitaji gitaa, hasa sasa mgao umepunguzwa. Wazazi wale tunawaheshimu, maana nyumba zilizoungua ni zao. Lakini neno la yule wa ofisi linataka jibu la historia, na historia tunayo.

Tuanze na nchi yenyewe. Sehemu ya Mississippi alikozaliwa B.B. King huitwa Delta. Ni bonde tambarare, udongo mweusi wenye rutuba ulioletwa na mto, na kazi yake ilikuwa pamba tu. Wazee wetu wa Maniema na wa bonde la Ruzizi hawahitaji kuelezwa pamba ni nini, maana Wabelgiji waliilazimisha Kongo kuanzia mwaka 1917, na mtu aliyekosa kulima aliona fimbo. Kule Delta fimbo ya utumwa ilikuwa imekwisha kisheria tangu mwaka 1865, ikabaki fimbo ya deni. Mtu mweusi alilima shamba la tajiri, akakopa mbegu, unga na nguo katika duka la tajiri yuleyule, na mwisho wa mwaka tajiri ndiye aliyepiga hesabu. Mara nyingi mkulima aliambiwa kwamba bado anadaiwa. Asiyejua kusoma angebishana na daftari namna gani?

Mwezi Aprili 1927 mto Mississippi ulivunja tuta lake, na Delta ikazama. Msalaba Mwekundu wa Marekani ulifungua kambi 154 katika majimbo saba, na zaidi ya watu 300,000 wakaishi humo, wengi wao weusi. Mjini Greenville watu weusi wapatao 13,000 walikwama juu ya tuta, maji pande zote. Meli zilikuja. Weupe waliondolewa, weusi wakabaki, kwa sababu matajiri wa pamba waliogopa kwamba wakienda hawatarudi kulima. Wakafanyishwa kazi ya kupakua vyakula vya msaada na kuimarisha tuta, huku wanaume wenye bunduki wakiwalinda. Walivishwa kitambulisho cha kazi, na bila kitambulisho mtu hakupata chakula chake. Tunaomba ndugu zetu wa mashirika wasisome haya kama lawama. Tunayaandika kwa sababu mara nyingi huambiwa kwamba kambi ni jambo la Afrika. Kambi ya mgao na kadi ilikuwa Marekani miaka karibu mia moja iliyopita, na waliokaa ndani yake walitunga nyimbo. Charley Patton, mpiga gitaa wa hukohuko Delta, mwaka 1929 aliitia gharika hiyo katika santuri ya pande mbili.

Mtoto Riley King, maana hilo ndilo jina lake la kuzaliwa, alikuwa hajatimiza miaka miwili gharika ilipokuja. Alizaliwa tarehe 16 Septemba 1925. Wazazi wake walitengana, mama yake akafa yeye akiwa mtoto bado, kisha bibi yake aliyemlea naye akafa, akawa kijana wa kuishi karibu peke yake, akikama ng'ombe na kuchuma pamba. Watoto wa namna hiyo tunao darasani.

Alipokua alihamia karibu na mji wa Indianola, akawa dereva wa trekta. Hiyo ilikuwa kazi ya heshima, na wakati wa Vita vya Pili ilimwepusha na jeshi, lakini kwa sharti kwamba asiondoke shambani. Jumamosi alikaa kwenye kona ya barabara mjini Indianola, kofia chini, akapiga gitaa. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo alilisimulia kwa kicheko maisha yake yote. Alipoimba nyimbo za dini, wapita njia walimsifu, wakampapasa kichwa, wakamwambia mwanangu endelea hivyohivyo. Alipoimba bluzi, walimpa senti. Alikuwa mtu wa kanisa na hakuliacha, ila alijua kuhesabu.

Mwaka 1946 alishuka kutoka kwenye trekta kabla injini haijazimika sawasawa. Trekta likaruka mbele, bomba la moshi likavunjika ukutani. Kwa kuogopa bwana wa shamba, alitoroka siku hiyohiyo kwenda Memphis, na gitaa lake na dola mbili na nusu mfukoni, akapokewa na binamu yake Bukka White, ambaye naye alikuwa mpiga bluzi mashuhuri. Baadaye alirudi, akalilipa bomba kwa kazi yake, ndipo akaondoka tena kwa amani mwaka 1948. Sisi tunamsifu zaidi kwa kurudi kule kuliko kwa sahani zake nyingi.

Memphis alipata kazi katika redio ya WDIA, redio ya kwanza Marekani kuelekeza vipindi vyake vyote kwa watu weusi. Alitangaza dawa ya chupa iitwayo Pepticon, akapiga santuri, akajitangazia ngoma zake mwenyewe: nitakuwa mahali fulani Jumamosi. Watu wa mashambani wenye redio wakamjua. Hivyo ndivyo alivyofika Twist.

Mwaka 1952 wimbo wake wa "Three O'Clock Blues" uliongoza orodha ya nyimbo za watu weusi Marekani nzima. Mtu angedhani sasa ataacha vijiji. Kinyume chake, vijiji ndivyo vilivyomlisha. Alinunua basi, akakusanya bendi, akaanza safari ambayo haikukoma mpaka uzeeni. Mwaka 1956 peke yake alipiga usiku 342, karibu kila usiku mji mwingine. Sehemu kubwa ya miji hiyo haimo katika ramani za shule. Kulala kulikuwa taabu, maana hoteli za weupe hazikuwapokea. Msafiri mweusi alitembea na kitabu maalumu, kilichochapishwa New York kuanzia mwaka 1936 na mtu wa posta aitwaye Victor Green, kinachotaja nyumba ambazo zingempokea mtu mweusi bila matata. Pasipokuwa na nyumba walilala ndani ya basi. Mwaka 1958 basi lake liligongana na lori huko Texas, wakati ambapo bima yake ilikuwa imesimamishwa, na deni lake likamfuata miaka mingi. Aliendelea kupiga kila usiku, na alilipa.

Walichokisikia wale watu wa vijijini ni nini hasa? Vijana wetu wa bendi wametuuliza, nasi tutaeleza kadiri tunavyoelewa. Wimbo wa bluzi huwa na mistari mitatu. Mstari wa kwanza unasema jambo. Wa pili unalirudia, kana kwamba mwimbaji anahakikisha umesikia. Wa tatu unajibu. Kila mstari ukiisha hubaki nafasi, na katika nafasi hiyo chombo hujibu sauti. B.B. King hakuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Aliimba, akanyamaza, gitaa likasema, naye akalisikiliza. Kwa mtu wa Kongo hili si geni, maana mwimbishaji na waitikiaji tunawajua tangu ngoma za kijijini, na Mwenda Jean Bosco, yule aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Katanga mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili chetu, aliweza kulifanya gitaa moja lionekane wapigaji wawili. Ila gitaa la Mwenda linakwenda kwa furaha ya vidole vingi. La King lina sauti chache. Huvuta uzi mmoja mpaka ulie kama mtu.

Turudi kwenye lile neno kwamba wenye njaa hawahitaji gitaa. Watu wa Twist walikuwa na njaa. Walikuwa na deni katika duka la shamba, na senti walizotoa mlangoni Jumamosi zingeweza kununua unga. Walizitoa kwa hiari, wakarudi Jumamosi iliyofuata, na King anashuhudia kwamba ni wao waliomfanya mwanamuziki. Hawakumwomba mtu awapimie shida zao na kuwaambia ipi ni ya kwanza. Tena hata nyumba ya Twist ilipoungua, watu wa Delta hawakuacha kucheza. Walicheza nyumba nyingine.

Kuna mkutano mwingine wa watu waliofungiwa ambao unafaa kutajwa. Tarehe 10 Septemba 1970 King alipiga ndani ya gereza la Cook County, mjini Chicago, mbele ya wafungwa zaidi ya 2,000, kwa mwaliko wa mkuu wa gereza Winston Moore. Wengi wao walikuwa vijana weusi, na wengi walikuwa hawajahukumiwa bado, wanangoja kesi tu. Wakati ule "The Thrill Is Gone" ilikuwa imempa jina hata kwa weupe, na angeweza kukaa katika kumbi za matajiri. Aliyoyaona mle yalimgusa. Baada ya hapo alipiga magerezani mara nyingi bila malipo, na mwaka 1972 alishirikiana na wakili F. Lee Bailey kuanzisha chama cha kusaidia wafungwa. Onyesho la Chicago lilitolewa kama sahani mwaka 1971. Ukiisikiliza utawasikia wafungwa wakizomea majina ya wakubwa yanapotajwa mwanzoni, kisha wakinyamaza gitaa linapoanza.

Kuhusu Kinshasa hatuna mengi ya kuongeza. Miaka minne baada ya gereza lile alisimama mbele ya Wakongo, watu wasioelewa maneno yake, na waliopiga picha za sinema walionyesha jinsi umati ulivyompokea. Mmoja wa wazee wetu, aliyekuwa mwanafunzi Kinshasa mwaka huo, anatuambia kwamba hakumwelewa neno hata moja, ila alijua kwamba bwana yule amefiwa. Hakuwa amefiwa. Lakini mzee hakukosea sana.

Sasa Indianola, mji wa ile kona ya senti. Mji huu una historia nzito. Mwezi Julai 1954 ndipo ilipoundwa hapo ile baraza ya kwanza ya raia weupe waliopinga watoto weusi kusoma na weupe, na mfano wake ukaenea kusini kote. Mwezi Agosti 1962 Fannie Lou Hamer, mama wa shambani, alisafiri kwa basi hadi mahakama ya Indianola kujiandikisha kupiga kura, akakataliwa, na jioni hiyohiyo akafukuzwa katika shamba alilolima miaka 18. King angekuwa na haki ya kutotia mguu tena mahali hapo. Lakini kuanzia miaka ya 1980 alirudi karibu kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi, akapigia watu wa mji wake bila malipo. Mchana alipiga bustanini, peupe, familia nzima zimekaa majanini, watoto wakicheza mbele ya jukwaa, weusi kwa weupe. Usiku alikwenda Club Ebony, klabu ya zamani ya watu weusi ambayo aliinunua mwaka 2008 isije ikafungwa. Mwaka huohuo lilifunguliwa jumba la makumbusho yake, likiunganishwa na kiwanda cha zamani cha kuchambua pamba ambamo yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi. Alifariki Las Vegas tarehe 14 Mei 2015, akiwa na miaka 89, akazikwa Indianola, kando ya jumba hilo.

Sisi walimu tumesimama hasa kwenye ile ngoma ya mchana bustanini. Tumepeleka kwa kamati ombi la maandishi, lenye sahihi za walimu kumi na mmoja na za wazazi wawili kati ya watatu walioungulia nyumba zao. Tunaomba magitaa yatolewe stoo. Ngoma ipigwe Jumamosi saa tisa alasiri katika uwanja wa shule, iishe kabla ya giza, watoto wakiwa mbele na wazazi kando. Taa ya mafuta isiingie uwanjani kabisa. Kama kamati itaruhusu usiku hapo baadaye, iwe kwa taa za jua tu, na ndoo nne za mchanga ziwe karibu na jukwaa. Mzazi wa tatu hajatia sahihi. Ametuambia atakuja kwanza kuona ngoma ya mchana moja, akae karibu na mlango.